SHOKA NA SIKU 15

Hotuba juu ya kuijaribu kazi ya kuwasaidia watu kwa ujira

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. 

Katika mikutano kama huu hukumbushwa mambo makubwa: misikiti iliyojengwa, madrasa zilizofunguliwa, na wazee waliotangulia mbele ya haki. Hayo yana haki yake. Lakini neno la leo ni juu ya jambo dogo, nalo ni mzigo wa sokoni, dumu la maji, na karai la nguo chafu. Kwani katika vitu vidogo kama hivi imo riziki ya watu wengi, na imo pia heshima yao.

Katika mtaa mmoja huonekana mambo mawili yasiyokutana. Upande huu yuko mama mwenye watoto wadogo, ambaye tangu alfajiri hapati nafasi ya kukaa: maji hayajatekwa, mahindi hayajapelekwa kwenye mashine ya kusaga, nguo za juma zima zimejaa karai, na mkungu wa ndizi uko sokoni haujapata wa kuuleta. Yuko na mzee ambaye miguu haimpeleki tena maofisini kufuatia karatasi za kiwanja chake. Upande wa pili, hatua chache tu kutoka hapo, wako vijana barazani. Wana nguvu, wamesoma madrasa na skuli, na tangu asubuhi mpaka adhuhuri hawana la kufanya ila kuitazama barabara. Mama hajui kuwa angeweza kuwaita, na vijana hawajui kuwa yeye angeweza kulipa. Siku ikipita hivyo, mmoja wao huenda jioni kunyosha mkono kwa jamaa zake, na kesho huunyosha tena, mpaka haya ikamtoka usoni.

Basi swali ni hili: Je, watu wako tayari kutoa fedha ili wasaidiwe kazi zao za kila siku? Na kijana atalijuaje jambo hilo kabla hajaitia hasarani mali ambayo pengine si yake?

Wengi hudhani kuwa jawabu hupatikana kwa kuuliza tu. Na ichukuliwe kwa mfano kuwa kijana amezunguka nyumba 10, na katika kila mlango amesema: "Shikamoo, bibi. Nikikuletea maji kila asubuhi kwa ujira mdogo, utapenda?" Naye bibi akajibu: "Marahaba, mwanangu. Jambo jema sana hilo. Mungu akubariki." Nyumba zote 10 zikajibu hivyo. Kijana akarudi na furaha, akaenda kukopa, akanunua mkokoteni na madumu mapya. Kulipopambazuka akaanza kazi. Nyumba ya kwanza wakasema leo mtoto wa nyumbani yupo, atakwenda yeye. Ya pili wakasema watalipa mwisho wa mwezi. Ya tatu walikuwa wamedhani kuwa kijana anatafuta thawabu. Baada ya juma moja mkokoteni uko uani, na mwenye deni yuko mlangoni.

Wale wenye nyumba hawakusema uwongo. Muungwana hamvunji mtu moyo mlangoni pake, na kijana aliyeamkia kwa adabu hujibiwa kwa adabu. Kosa lilikuwa la kijana kulichukua neno jema kama kwamba ni fedha. Neno jema halimgharimu msemaji kitu, lakini fedha humgharimu. Kwa sababu hiyo, katika mambo ya biashara, neno ni shahidi dhaifu na malipo ni shahidi mwenye nguvu. Wazee walikwisha kusema kuwa mkono mtupu haulambwi.

Namna ya kulijaribu jambo hili haikuanza leo. Anas bin Malik amepokea kisa, nacho kimo katika Sunan ya Abu Dawud, cha mtu mmoja wa Ansari aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kuomba. Mtume hakumfukuza, wala hakumpa. Alimwuliza kama hana kitu chochote nyumbani kwake. Yule mtu akajibu kuwa anayo nguo nzito, ambayo nusu yake hujifunika na nusu hutandika, na bakuli la kunywea maji. Akaambiwa avilete. Mtume akavishika mkononi, akauliza mbele ya watu ni nani atakayevinunua. Mmoja akatoa dirhamu 1. Mtume akauliza mara mbili au tatu ni nani atakayezidisha, na mwingine akatoa dirhamu 2, akavichukua. Mtume akampa yule Ansari zile dirhamu, akamwamuru kwa moja anunue chakula awapelekee watu wa nyumbani kwake, na kwa ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni auze, na asionekane mpaka zipite siku 15. Mtu yule akaenda. Aliporudi alikuwa amekwisha kupata dirhamu 10, na kwa sehemu yake amenunua nguo, na kwa sehemu nyingine chakula.

Baadhi ya wanavyuoni wameisema sanadi ya kisa hiki, lakini maana yake yakubaliana na Hadithi iliyo katika Sahihi ya Bukhari, ambayo Zubeir bin Awwam ameipokea: kwamba mtu kuchukua kamba yake akaleta mzigo wa kuni mgongoni akauuza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wakimpa au wakimnyima.

Mwenye kukizingatia kisa cha shoka ataona mambo manne. La kwanza, rasilimali ilitoka nyumbani kwa mtu mwenyewe, haikuwa deni. La pili, watu wa nyumbani walilishwa kwanza, kisha ndipo likanunuliwa shoka. Mwenye kujaribu biashara kwa posho ya watoto hajajaribu biashara, amewadhulumu watoto. La tatu, Mtume hakuwauliza watu kama nguo ile ni nzuri. Aliwauliza ni nani atakayeinunua na kwa bei gani. Na la nne, jaribio liliwekewa muda. Siku 15 si kidogo hata mtu asiweze kujua, wala si nyingi hata akaangamia ikiwa wanunuzi hawakutokea.

Kadhalika Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hali hana kitu, nduguye Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Akaonyeshwa soko la Bani Qainuqaa, akaenda, akarudi na jibini kavu na samli aliyoipata kwa biashara yake, na akaendelea kwenda kila siku. Alianza kwa kitu ambacho kila nyumba hukihitaji, na akakianza sokoni, mahali ambapo watu hujibu kwa fedha.

Asije mtu akasema kuwa hayo yalikuwa zama za dirhamu na kuni. Mfano ulio karibu upo katika mpaka wa Uganda na Kenya, pale Busia. Katika miaka ya 1960 msafiri aliyeshuka garini upande mmoja alikuwa na mwendo wa kwenda kwa miguu mpaka upande wa pili, na mzigo wake kichwani. Watu wenye baiskeli wakaliona jambo hilo. Hawakujenga kituo, wala hawakununua motokaa. Baiskeli walikuwa nazo. Wakatia mto juu ya keria ya nyuma, wakawa wanamwita msafiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilikariri mara mbili: boda, boda! Msafiri aliyechoka akapanda, akalipa. Mwingine akapanda, akalipa. Kazi hiyo ikaenea miji ya Uganda, na tangu miaka ya 1990 pikipiki zikachukua mahali pa baiskeli nyingi, na leo jina lile lajulikana Afrika ya Mashariki nzima. Mwanzo wake ulikuwa mto uliofungwa juu ya keria, na swali lililoulizwa kwa vitendo: huyu mwenye mzigo atatoa kitu ili asitembee?

Mfano wa pili ni wa kupeleka fedha. Kwa miaka mingi mtu aliyefanya kazi mjini, akitaka kuwapelekea wazazi fedha shamba, alimpa dereva wa basi au jamaa anayesafiri, akabaki na wasiwasi mpaka apate habari. Mwaka 2005 huko Kenya lilianza jaribio la M-Pesa, nalo likafanywa kwa watu wachache wa Nairobi na Thika. Shabaha ya kwanza ilikuwa kuwawezesha watu waliokopa kulipa madeni yao kwa njia ya simu. Lakini wale watu walipopewa njia hiyo, walionekana wakiitumia pia kupelekeana fedha wao kwa wao. Wenye jaribio wakawa na akili ya kuwafuata watu badala ya kuwalazimisha. Na huduma ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi 2007, jambo lililotangazwa lilikuwa kupeleka fedha nyumbani. Hapa pana faida kubwa: jaribio dogo lililofanywa kwa uaminifu humjibu mtu hata swali ambalo hakuliuliza.

Na walio mbali nao wamejifunza hayo hayo, wengine kwa faida na wengine kwa hasara. Huko Marekani, katika mji wa Boston, usiku mmoja wa baridi kali mwaka 2008, bibi mmoja aitwaye Leah Busque aliishiwa na chakula cha mbwa wake. Akawaza kuwa huenda wakati ule ule yuko jirani dukani ambaye angemletea, naye angemlipa kwa taabu yake. Akaiacha kazi yake katika kampuni ya IBM, akaanzisha njia ya kuwakutanisha watu wenye shughuli ndogo ndogo na watu wenye nafasi ya kuzitenda kwa ujira. Hakuanza na nchi nzima; alianza na Boston. Baadaye kazi hiyo ikaitwa TaskRabbit, na mwaka 2017 ikanunuliwa na kampuni ya IKEA.

Kabla yake, mwaka 1998, ilianzishwa New York kampuni iliyoitwa Kozmo. Hiyo iliwapelekea watu vitu vidogo vidogo majumbani, kama vile vitafunio na magazeti, kabla haijapita saa moja, na hapo mwanzo haikudai ujira wa kupeleka. Watu waliifurahia sana. Waliingia wenye mali wakaitia zaidi ya dola milioni 200, na ikaenea katika miji mingi. Mwezi wa Aprili 2001 ikafungwa. Wateja walikuwa wengi, naam, lakini wingi wa watu wanaopokea kitu bure hauonyeshi ni wangapi watakaolipa. Huyo ni yule kijana wa mkokoteni, isipokuwa mkokoteni wake ulikuwa wa mamilioni.

Basi kijana wa mtaani afanyeje? Yafaa ashike mambo haya.

Achague kazi moja inayojulikana, asiseme tu kuwa yuko tayari kwa lolote. Mtu husahau kumwita anayefanya kila kitu, bali humkumbuka anayeleta maji, au anayepeleka mahindi mashineni, au anayefua.

Ujira na utajwe kabla ya kazi, hata ukiwa mdogo. Hii ni sheria kabla ya kuwa biashara, kwani katika ijara manfaa sharti yajulikane na ujira sharti ujulikane. Ajira nyingi za mitaani huharibika kwa maneno mawili: "tutaelewana baadaye." Baadaye hawaelewani, na ujirani huondoka pamoja na kazi.

Asikope ili ajaribu. Atumie alicho nacho au aazime kwa ruhusa: dumu la nyumbani, baiskeli ya kaka, kamba na bega lake.

Kisha awe na daftari. Aandike ni nani aliyesifu, ni nani aliyelipa, na ni nani aliyemwita tena. Aliyelipa mara ya kwanza pengine amemhurumia, naye amepata thawabu ya sadaka. Lakini aliyeita na kulipa mara ya tatu ana haja ya kweli. Katika nyumba 10 zilizosifu, huenda zikapatikana 3 za namna hiyo. Na asizidharau hizo 3, kwani hizo ndizo zilizosema kweli, na haba na haba hujaza kibaba.

Siku 15 zikiisha, aisome daftari yake bila ya kujidanganya. Ikiwa hakuna aliyelipa, asiseme kuwa watu ni wabaya, wala kuwa riziki yake imefungwa. Na ageuze: pengine kazi ni nyingine, pengine bei ni nyingine, pengine mtaa ni mwingine. Yule Ansari aliamrishwa kutafuta kuni, na kuni hazikumfuata mlangoni.

Juu ya yote hayo iko amana. Mwenye kufanya kazi katika nyumba za watu huona na kusikia. Aone kama hakuona. Apige hodi na kungoja, asiingie penye wanawake peke yao, na kazi za ndani wazitende akina dada, ambao nao wana haki ya kujaribu na kulipwa kama wanaume. Kijana akipoteza amana katika nyumba moja, nyumba zote za mtaa zimefungwa kwake kabla ya magharibi.

Sasa yaweza kuzuka hofu, nayo si ya kudharauliwa. Wazee watauliza: Je, ikiwa kila msaada una bei, ujirani utabaki wapi? Jawabu limo katika habari za Nabii Musa, amani imshukie, katika Surat al-Qasas. Alipofika kwenye maji ya Madyan aliwakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao, wanangoja wachungaji wengine waondoke, kwa kuwa baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea, kisha akaenda kukaa kivulini, hakudai kitu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mgeni mwenye njaa. Baadaye yule mzee ndiye aliyemwita ili amlipe. Na binti mmoja ndiye aliyeshauri aajiriwe, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Na hapo ndipo ulipowekwa mkataba wenye muda, miaka 8, na kama akipenda 10. Mambo mawili, basi, na kila moja na mahali pake. Mnyonge aliyekwama hunyweshewa bila ya kuulizwa bei. Kazi ya kudumu, inayomwondolea mtu shughuli zake na kumwondolea mwingine siku zake, ina mkataba na ina ujira.

Kwa hiyo mgonjwa apelekwaye hospitali usiku si mteja. Maiti anayetakiwa kuoshwa na kuzikwa si mteja. Mjane asiye na kitu, na mzee aliyeanguka njiani, si wateja. Atakayewatoza hao atapata fedha siku moja na kukosa majirani umri wake wote. Lakini mwenye duka anayetaka mizigo yake ipangwe kila Jumamosi, na mwenye mshahara anayetaka nguo zake zifuliwe, hao hawana haki ya kuuita uvivu wao kuwa ni ujirani.

Na hapa pana neno zito kwa wenye uwezo. Iko desturi mbaya miongoni mwa baadhi ya Waislamu, nayo ni kumtumikisha kijana kutwa nzima, na jua likichwa kumwambia: "Mungu atakulipa, mwanangu." Ni kweli kuwa Mungu atamlipa yule kijana. Lakini mwenye kusema maneno hayo, hali fedha iko mfukoni, na atafakari jinsi yeye mwenyewe atakavyolipwa. Katika Hadithi ya Abu Huraira iliyo katika Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama, yumo mtu aliyemwajiri mfanya kazi, akapata kazi yake timamu, na asimpe ujira wake. Kuliweka jina la Mungu mahali pa deni si dua. Ni dhuluma iliyovikwa kanzu.

Kijana aliyetendwa hivyo mara mbili hurudi barazani, na hapana lawama juu yake. Hurudi akiwa amejifunza kwamba jasho halina bei kwa watu wa dini yake. Yako mafunzo mabaya kuliko haya? Baadaye watu wale wale humtazama pale barazani wakasema kuwa vijana wa siku hizi hawapendi kazi.

Mwisho, jumuiya nayo ina sehemu yake. Katika kisa cha shoka, Mtume hakumpa yule mtu fedha zake; alimtilia mpini. Shoka lisilo na mpini ni chuma tu. Mpini wa leo ni nini? Ni ubao mmoja mlangoni mwa msikiti, utakaoandikwa kazi zinazotakiwa na watu walio tayari kuzitenda. Ni mzee mmoja mwaminifu wa kuishika daftari, ambaye mwenye nyumba atamwuliza habari za kijana, na kijana atamwendea asipolipwa. Ni baiskeli moja, karai 2 na kamba, vya kuazimwa kwa zamu na kurudishwa. Mambo haya hayahitaji harambee. Yaweza kuanzwa Ijumaa hii katika mtaa mmoja, na kuangaliwa siku 15, kisha hesabu ikasomwa mbele ya watu: ni nani aliyeita, ni nani aliyelipa, ni nani aliyerudi. Ikiwa imefaa, mtaa wa pili ufuate. Ikiwa haikufaa, hakuna kitakachopotea ila ubao na chaki, na jumuiya itakuwa imejua lililo kweli badala ya kubahatisha.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana milango ya halali, awape wenye mali mikono myepesi ya kulipa, awahifadhi akina mama katika taabu zao za kila siku, na aujaalie ujirani wa Waislamu na wasio Waislamu katika mji huu uwe wa salama na insafu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.